Jumapili ya Tarehe 12

Somo letu ni kitabu cha Esta, sura ya nne. Mwenye Biblia karibu na aifungue. Aliye jikoni akikoroga uji na asikilize tu, maana habari yenyewe anaijua.

Esta alikuwa ndani ya jumba la mfalme. Alikula vizuri, alivaa vizuri, na siku watu wake walipoandikiwa barua za kuuawa, wakubwa wa jumbani hawakujua kwamba yeye ni mmoja wao. Angeweza kunyamaza. Mordekai akamtumia neno kwamba jumba halitamficha, na kwamba huenda cheo chake alikipewa kwa ajili ya saa hiyo hiyo. Esta akafunga siku tatu, kisha akaingia kwa mfalme bila kuitwa, huku akiijua sheria.

Sisi tuliokaa Wajir tukiisoma sura hii tunamkumbuka mtu ambaye hakuwa wa kanisa letu wala wa dini yetu. Ni marehemu Ahmed Khalif Mohamed, mbunge wa Wajir Magharibi, Mwislamu aliyewahi kuwa Katibu Mkuu wa Baraza Kuu la Waislamu wa Kenya. Leo tunataka kumshukuru, na shukrani hii imechelewa sana.

Sisi tulikuwa watu wa kuja: walimu, wauguzi, makarani, askari na jamaa zetu. Kila tulipokaribia likizo, wenyeji walituuliza, “Mnakwenda Kenya lini?” Mwanzoni tulicheka. Tulipokaa zaidi, tukaona jinsi sheria za hali ya hatari zilivyowabana tangu mwisho wa mwaka 1963, tukaacha kucheka.

Ijumaa, Februari 10, 1984, vikosi vya usalama vilianza kuwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia na kuwapeleka uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir. Huko walivuliwa nguo, wakalazwa juani siku baada ya siku bila maji. Waliokataa kuvua walipigwa risasi, na waliojaribu kukimbia walipigwa risasi.

Jumapili ya tarehe 12 sisi tulikuwa ibadani. Tulikuwa tumesikia. Wajir ni mji mdogo, na wanawake walikuwa wakiulizana njiani waume zao wako wapi. Tuliombea amani ya nchi na hekima ya viongozi, maneno yale yale ya kila Jumapili, tukasema amina, tukaenda kunywa chai. Hakuna aliyetaja Wagalla. Tuliogopea kazi zetu. Na wengine wetu, tuseme kweli, tulijiambia kwamba hayo ni mambo ya Wasomali wenyewe.

Hatusemi kwamba Wakristo wote walinyamaza. Annalena Tonelli, Mkatoliki kutoka Italia aliyewauguza wagonjwa wa kifua kikuu pale mjini, alitoka na gari akaokota majeruhi na maiti. Mwaka uliofuata alifukuzwa nchini. Sisi Waprotestanti tulizoea kubishana juu ya Wakatoliki. Siku hizo mabishano yalitukauka kinywani.

Khalif naye alikuwa jumbani. Kumbukeni wakati ule: jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 halijatimiza miaka miwili, chama ni kimoja kwa sheria, na mbunge aliyemkasirisha mkubwa hakujua atalala wapi. Angeweza kukaa kwenye kiti chake Nairobi, kwenye baridi na zulia, akangoja uchaguzi. Mwaka huo huo wa 1984 alisimama Bungeni akasema kwamba watu wake wameuawa, tena wengi mno. Serikali ilitoa hesabu ya watu 57. Yeye hakukubali hesabu hiyo. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyotolewa mwaka 2013, ilisema waliouawa wanakaribia 1,000.

Hakuishi kuisoma. Januari 2003 aliapishwa kuwa Waziri wa Kazi, na kabla mwezi haujaisha, tarehe 24, ndege iliyowabeba mawaziri kutoka sherehe ya kumkaribisha nyumbani Moody Awori iligonga nyaya za umeme ilipokuwa ikiruka Busia. Marubani wawili walikufa, na Khalif akafa. Oktoba ya mwaka huo huo Annalena naye aliuawa kwa risasi huko Borama, kaskazini mwa Somalia, kwenye hospitali yake. Khalif hatukumwandikia hata barua moja akiwa hai.

Deni letu limeongezeka tangu hapo. Desemba 2015 basi la kwenda Mandera lilivamiwa karibu na El Wak, na abiria Waislamu wakakataa kujitenga na Wakristo. Wanawake waliwapa dada zetu mitandio wajifunike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi kwa kukataa huko, akafa Januari 2016. Yeye pia hakuwa wa kanisa letu.

Tuombe.

Ee Bwana, tunakuletea jamaa ya Ahmed Khalif, na wajane wa Wagalla waliozeeka wakingoja. Tunakuletea na Jumapili ile ya tarehe 12. Ulikuwa ukitusikia sisi tukiimba, na ulikuwa ukiwasikia wao pale uwanjani wakiomba maji. Tusamehe ile chai. Amina.