Hasira Yenye Macho: Mwanamume na Mnyanyasaji Si Mtu Mmoja

Maneno ya baraza la wananchi, Nyacheki



Kuna mwanamume ambaye karani wa kituo cha chai humwambia majani yake hayafai, naye huyachambua upya kimya kimya. Sokoni akisukumwa na mtu mwenye misuli kumliko, hutabasamu akapita. Jioni chakula kikichelewa, humpiga mkewe, kisha husema, "Hasira ilinishinda."

Haikumshinda. Hasira hiyo ina macho. Humwona mwenye nguvu ikatulia, humwona mnyonge ikapanda. Huo si uanaume, ni unyanyasaji.

Nguvu si kosa. Zamani Abagusii walikuwa na ebisarate, kambi ambako vijana walilinda ng'ombe dhidi ya wavamizi. Nguvu zao zilielekezwa kwa adui, si kwa watu wa boma. Na chinsoni, miiko ya heshima anayofundishwa mvulana baada ya tohara, humfunga baba pia: hasemi maneno machafu mbele ya mwanawe. Kijana anayetoka jandoni Desemba akaanza kumtukana mama na kuwaamrisha dada zake kwa sababu "sasa ni mwanamume" hakufunzwa vyema.

Bonasi ya chai huwapima wengi. Mama na watoto wamechuma mwaka mzima. Mwanamume huketi na mkewe wakahesabu: karo, deni, chakula. Wakikosana, hubishana bila mtu kuogopa. Mnyanyasaji huzichukua zote, na anayeuliza hupigwa.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kuwalinda watu dhidi ya dhuluma za nyumbani haitazami kipigo pekee. Vitisho, matusi ya kila siku na kumnyima mtu mahitaji ya maisha pia ni dhuluma, na mahakama inaweza kutoa amri ya kumlinda aliyedhulumiwa. Sheria hiyo humlinda mwanamume vilevile. Anayehitaji msaada aende kituo cha polisi, au apige simu 1195, bila malipo, usiku na mchana.

Anayejitambua katika maneno haya hajachelewa. Leo jioni kila baba akifika langoni, asikilize. Je, watoto wanamkimbilia, au nyumba nzima inanyamaza? Jibu analo yeye mwenyewe.