Kutembea Kunafundishwa kwa Kutembea
Maneno ya komite mbele ya mkutano wa wanamemba, Baraka



Mkutano uliopita swali moja lilituuma: "Ndugu yetu aliyeanguka kwenye mungazi, tunamuchangia miezi tisa sasa, na bado hatembei sawasawa. Je, pesa haipotei?" Leo tunajibu.

Munakumbuka siku ile. Tulimubeba mikono na miguu, tukamukalisha kwenye pikipiki. Tulifanya kwa upendo, lakini tulikosea. Mtu aliyeanguka hivyo alazwe juu ya ubao, kichwa na mgongo mstari mmoja, watu wamunyanyue pamoja.

Ndani ya mifupa ya mgongo munapita kamba ya mishipa inayopeleka amri toka ubongo mpaka miguuni. Ikikatika yote, mpaka leo hakuna dawa ya kuiunga. Ikiumia nusu, njia zingine zinabaki. Ndugu yetu alikuwa anasikia tukimugusa mguu, na kidole kimoja kilicheza. Hapo munganga wa kine akasema: tuanze.

Marafiki, mulituuliza kama mununue mashine, ile inayoning'iniza mtu juu ya mkanda unaotembea. Aksanti, lakini tuseme kweli. Mwaka 2006 waganga wa Marekani na Kanada walitoa matokeo ya watu 146 walioumia hivyo, kamba haikukatika yote. Wamoja walifundishwa kwa mashine, wengine chini, wiki 12. Mwisho makundi yote mawili yalitembea karibu sawa. Kwetu maana yake ni hii: kazi iko katika kurudilia kila siku, na ile hata sisi tunaiweza.

Basi tulisimika miti miwili ya kushikilia katika uwanja wake. Kila asubuhi anasimama, anakaa, anasimama tena. Anahamisha uzito mguu huu, kisha ule. Anapiga hatua, mke wake nyuma ameshika mukaba, watoto wanahesabu. Leo, na magongo, anatoka mlangoni mpaka jikoni. Mbali zaidi anatumia kiti cha magurudumu, na hiyo si haya. Kiti kinamufikisha sokoni na nguvu inabaki.

Kuna kazi isiyoonekana pia. Wakati hakuweza kujigeuza, mama huyu alimugeuza kila saa mbili, usiku kucha, vidonda visitoke. Alijifunza kutoa mkojo kwa mpira safi, kwa saa zake. Kidonda kimoja kingemurudisha kitandani miezi, na mkojo unaobaki unaharibu figo. Mchango wenu ulinunua mipira ile. Haukupotea.

Hatuahidi kwamba atapanda mungazi tena. Tunaomba mambo matatu. Wanamemba, muendelee kuchangia. Marafiki, pahali pa mashine, mulipe safari ya munganga wa kine kila juma, mipira, na magongo. Na mwenye mgonjwa wa namna hii aliyefichwa nyumbani, atuambie, hata kama hatatembea kamwe. Huyo anahitaji kiti, mto wa kukalia, na watu wa kumutembelea.

Tulipotoka Nyarugusu kurudi, wenye nguvu walibeba mizigo ya wasioweza. Njia haijaisha.