Kununua Gari Jipya: Bei na Ada Zake

Mwalimu wa darasa, tafadhali tazama kila mtu awe na daftari na kalamu, maana leo tutaandika tarakimu nyingi, na nyingine ni kubwa. Asiyezoea kuandika mamilioni asiogope. Ni hesabu ile ile ya mafungu ya nyanya, ila sifuri zimezidi.

Leo tutazungumza habari za kununua gari jipya dukani. Labda wewe unasema, "Mimi na gari wapi na wapi?" Ngoja kidogo. Siku hizi vikundi vingi vya wakulima na wafanyabiashara huchanga fedha na kununua gari la mizigo pamoja. Na hata kama hutanunua gari maishani mwako, utanunua pikipiki, au mashine ya kusaga, au utatia sahihi karatasi ya mkopo. Karatasi hizo ni ndugu.

Kupatana bei tunakujua. Sokoni mwenye nyanya anataja elfu tatu, wewe unataja elfu moja na mia tano, mnavutana, mnacheka, mnakutana katikati. Mkiisha kukubaliana, mambo yamekwisha. Unalipa, unachukua nyanya zako, unakwenda. Gari haliko hivyo. Bei ya gari imebeba nyingine mgongoni. Muuzaji anaweza kukupunguzia milioni moja mbele ya macho yako, nawe ukatoka unatabasamu, kumbe ameirudisha katika ada tatu ambazo hukuziuliza.

Tutumie mfano. Tuseme wako kina mama kumi wa Lushoto wanaolima karoti na kabichi. Kila wiki hukodi gari la kushusha mboga kutoka milimani mpaka Mombo, na nyingine mpaka Tanga. Wamechoka kukodi. Kwa miaka minne wameweka akiba, na sasa wana Sh. 12,500,000. Wanataka kununua kirikuu kipya, na sehemu ya bei itakayobaki watakopa. Basi watatu wanapanda basi kwenda Dar es Salaam: mwenyekiti, katibu na mtunza fedha. Tarakimu nitakazotaja ni za mfano tu wa darasa, si bei ya duka lolote.

Wanafika dukani. Kijana wa mauzo anawapokea vizuri. "Shikamooni mama zangu! Karibuni mkae." Wanaitikia, wanakaa, wanapewa soda. Kisha anasema, "Gari hili ni jipya kabisa, mama zangu, milioni thelathini tu."

Hapo pana maneno mawili ya kuulizwa kabla soda haijaisha.

La kwanza ni "jipya". Kwa maneno ya mitaani kwetu, gari "jipya" mara nyingi ni gari lililokwisha kutumika Japani kwa miaka kadhaa, ila halijatembea katika barabara zetu. Si kosa kununua gari la namna hiyo, na watu wengi hununua. Lakini bei yake ni nyingine na kodi zake huhesabiwa kwa njia nyingine, maana umri wa gari nao huingia katika hesabu. Basi uliza wazi: "Limetoka kiwandani, au limetumika? Limetengenezwa mwaka gani?" Jibu liandikwe.

La pili ni ile "milioni thelathini tu". Uliza: "Bei hiyo ina VAT au haina?" VAT ni kodi ya ongezeko la thamani, na kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18. Haya, andikeni. Asilimia 18 maana yake katika kila shilingi mia unaongeza shilingi kumi na nane. Katika milioni moja unaongeza Sh. 180,000. Katika milioni thelathini je? Zidisha 180,000 kwa 30. Unapata Sh. 5,400,000. Basi gari la milioni thelathini "bila VAT" ni gari la Sh. 35,400,000.

Kina mama wetu waliweka akiba ya milioni kumi na mbili na nusu kwa miaka minne. Hiyo milioni tano na laki nne ni akiba yao ya zaidi ya mwaka mmoja na nusu, na imejificha nyuma ya neno dogo "bila". Neno hilo hupenda kuandikwa kwa herufi ndogo chini ya ukurasa. Ndiyo sababu somo la kusoma na somo la fedha haliachani.

Sasa katibu anasema, "Mwanangu, tuandikie yote katika karatasi moja, mpaka jumla ya mwisho, gari likiwa mikononi mwetu na namba zake." Karatasi hiyo wauzaji huiita profoma. Haikufungi wewe kununua, wala hulipi kitu kuipata. Muuzaji anayekataa kuiandika, mwage kwa heshima, uende duka jingine. Kijana wetu hakukataa. Ameandika hivi:

Bei ya gari: Sh. 30,000,000
VAT: Sh. 5,400,000
Usajili na vibao vya namba: Sh. 400,000
Bima kubwa ya mwaka mmoja: Sh. 1,500,000
Ada ya kushughulikia karatasi: Sh. 350,000
Maandalizi ya gari: Sh. 450,000
Vifaa: Sh. 600,000
Jumla: Sh. 38,700,000

Mwalimu, waache wanafunzi wajumlishe wenyewe. Usimwamini mtu kwa jumla. Hata mashine hujumlisha kile ilichoambiwa tu.

Mstari mmoja umekuwa mistari saba. Kazi ya kina mama sasa ni kuuliza katika kila mstari: Fedha hii anaipokea nani? Ni Serikali, au ni duka?

Fedha ya Serikali haipatanwi. VAT ni hiyo hiyo. Ada ya usajili hupangwa na sheria, na hulipwa kwa Mamlaka ya Mapato, TRA. Lakini kutopatana si kutokagua. Malipo ya Serikali hutolewa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile watu waiitayo "kontroo namba", nawe unaweza kuilipa benki au kwa simu. Kwa hiyo muuzaji akisema laki nne ni za usajili, mwambie akuonyeshe hati yenye namba hiyo na kiasi chake. Ikionyesha kiasi kidogo kuliko alichokuandikia, tofauti hiyo si ya Serikali. Na ukisikia mtu anakudai ada ya leseni ya gari ya kila mwaka, kumbuka kwamba ada hiyo Serikali iliifuta mwaka 2017, badala yake ikaongeza ushuru katika mafuta. Viwango vya kodi hubadilika katika bajeti ya kila mwezi wa Juni, basi ulizeni TRA wenyewe kabla ya safari. Wana ofisi mikoani, na kuuliza hakulipiwi.

Bima ni jambo la katikati. Sheria inakutaka uwe na bima, lakini haikulazimishi kuinunua pale dukani. Bima ndogo hulipa hasara uliyomtia mtu mwingine. Gari lako likigonga mti, hiyo haikusaidii. Bima kubwa hulipa na gari lako pia, na mkopeshaji kwa kawaida huitaka, maana gari ndilo dhamana yake. Kina mama wanaweza kuuliza bei ya bima katika kampuni nyingine mbili au tatu kabla ya kukubali ile ya duka.

Sasa tumefika kwenye mistari mitatu ya mwisho, na hapa ndipo penye kupatana hasa. "Kushughulikia karatasi." Karatasi zipi? Kuuza gari bila karatasi hakuwezekani, basi hiyo ni kazi ya muuzaji mwenyewe. "Maandalizi ya gari." Ukiuliza maana yake, utaambiwa ni kuliosha, kutoa nailoni katika viti, kutazama oili na upepo wa matairi. Mimi kwa maoni yangu hii ni ada ya kushangaza. Mama ntilie hakutozi fedha ya kuosha sahani! "Vifaa" ni zulia la miguuni, pembetatu ya tahadhari, kizimamoto, pengine na redio. Kizimamoto na pembetatu ni vitu vya lazima, lakini vinauzwa madukani, nawe unaweza kuvinunua mwenyewe kwa bei unayoiona.

Muuzaji si mwizi, tusimwonee. Kazi yake ni kuuza kwa bei ya juu, kama yako ilivyo kununua kwa bei ya chini. Hakuna haja ya kugombana naye. Mwenyekiti wetu anasema hivi tu: "Mwanangu, hizi tatu zifute. Na bei ya gari tupunguzie, tuna karatasi ya duka la pili hapa." Ndiyo, kabla ya kufika walikuwa wamekwisha kupita duka jingine na kuchukua profoma yake. Karatasi ya duka la pili ina nguvu kuliko kubembeleza saa nzima. Nguvu nyingine ni kuweza kusimama na kuondoka. Ukimwambia muuzaji, "Lazima turudi Lushoto na gari leo," umekwisha kumpa bei yake.

Tuseme kijana ameingia ndani kumwona mkubwa wake, akarudi, akakubali kupunguza milioni moja katika bei ya gari. Tazameni jambo hili vizuri. Bei ikishuka kutoka milioni 30 hadi 29, VAT nayo inashuka, kutoka Sh. 5,400,000 hadi Sh. 5,220,000. Punguzo la milioni moja limekuwa la Sh. 1,180,000. Kwa hiyo anza kupatana mstari wa juu, ule unaozaa kodi, ndipo ushuke kwenye ada. Zile ada tatu, Sh. 1,400,000, zimefutwa. Jumla mpya ni Sh. 36,120,000. Wameokoa Sh. 2,580,000, na hakuna aliyepaza sauti.

Lakini kazi haijaisha, maana kuna mkopo. Tangu mwanzo kijana alikuwa anauliza, "Mama zangu, mnaweza kulipa kiasi gani kwa mwezi?" Swali hili lina sauti ya huruma, na ni la hatari. Ukisema "laki nane", yeye atatafuta idadi ya miezi itakayokufanya uikubali laki nane hiyo, na bei ya gari haitatajwa tena. Mtunza fedha alijibu vema: "Kwanza tuelewane bei yote. Habari za mwezi baadaye."

Sasa wamelipa Sh. 12,120,000, zimebaki Sh. 24,000,000 za kukopa. Wamewekewa karatasi mbili mezani. Ya kwanza inasema Sh. 1,000,000 kila mwezi kwa miezi 30. Ya pili inasema Sh. 800,000 kila mwezi kwa miezi 48. Ipi nafuu? Masikio yanasema ya pili. Kalamu inasema hivi: milioni moja mara 30 ni Sh. 30,000,000. Laki nane mara 48 ni Sh. 38,400,000. Ya pili imezidi kwa Sh. 8,400,000, kwa gari lile lile na mkopo ule ule. Huenda bado wakachagua ya pili, kwa sababu mauzo ya karoti hayafiki milioni kila mwezi, na kushindwa kulipa ni kunyang'anywa gari. Hilo ni shauri lao. Lakini wachague wakijua wanalipia nini. Na waulize pia: tukichelewa mwezi mmoja, faini ni kiasi gani? Tukipata fedha tukataka kumaliza mapema, riba inapungua, au tunalipa yote?

Siku ya kutia sahihi, msiisome karatasi mmesimama. Kaeni, mmoja asome kwa sauti, wengine wafuate kwa kidole. Penye nafasi tupu, pigeni mstari, asije mtu akaijaza baadaye. Namba ya chesisi iliyo katika karatasi iwe ndiyo iliyopigwa katika chuma cha gari, tarakimu kwa tarakimu. Kadi ya gari iandikwe jina la kikundi, si la yule aliyekwenda dukani, pamoja na jina la mkopeshaji kama amelitaka. Ahadi ya mdomo, kama sevisi mbili za bure, iandikwe. Na mdai risiti ya mashine, ile ya EFD, yenye kiasi kile kile mlicholipa.

Haya, kazi ya darasa. Mwalimu, andika ubaoni. Duka la kwanza limetoa profoma hii: bei ya gari Sh. 24,000,000 bila VAT, usajili Sh. 400,000, ada ya ofisi Sh. 300,000, mengineyo Sh. 500,000. Duka la pili limeandika Sh. 28,900,000, kila kitu ndani, gari likiwa na namba. Tafuteni jumla ya duka la kwanza. Semeni duka lipi ni nafuu, na kwa shilingi ngapi. Kisha kila mmoja aandike sentensi moja ambayo angemwambia muuzaji wa duka la kwanza kuhusu lile neno "mengineyo".