Kilo Isiyotimia

Chukua mfano wa mama ntilie aliyenunua pakiti ya sembe iliyoandikwa kilo 1. Anaiweka kwenye mizani: gramu 950.

Pungufu hilo ni konzi moja tu ya unga. Lakini kwa pakiti 20, amelipia kilo nzima ambayo hakuipata.

Nchini Tanzania, kukagua uzito wa bidhaa zilizofungashwa ni kazi ya Wakala wa Vipimo, chini ya Sheria ya Vipimo, Sura ya 340.

Kwa upande mmoja, wanunuzi wengi hawana mizani jikoni; wanaamini maandishi ya mfuko. Tena msagishaji mwaminifu hushindwa bei na mwenzake anayepunja.

Kwa upande wa pili, wenye viwanda vidogo nao wana hoja: unga hupungua unyevu ukikaa ghalani, na mashine za kufungashia hupishana kidogo. Ndiyo maana mwongozo wa OIML, shirika la kimataifa la vipimo vya kisheria, huvumilia pungufu la hadi gramu 15 kwa pakiti ya kilo 1, mradi wastani wa shehena usishuke chini ya kilo.

Swali linabaki: pakiti pungufu ikikutwa rafuni, awajibike nani kwanza, aliyeifungasha au mwenye duka aliyeiuza bila kujua?