DUKA LA KIJIJI LASIMAMA KWA MIZANI NA DAFTARI

(Hotuba kwa wanachama wa vijiji vya mwambao wa Ziwa)



Leo twataka kuzungumza habari za duka la kijiji: chumvi, sabuni, kiberiti na sukari. Mtu wa mjini aweza kuliona jambo hili dogo. Lakini ndugu zetu wa Ukara na visiwa vingine vya Ukerewe wanajua kwamba duka likifungwa, mama hulipa nauli ya chombo kubwa kuliko bei ya chumvi anayoifuata.

Wazee wetu waliliona hilo mapema. Katika miaka ya 1940 Waafrika wenye maduka madogo hapa Mwanza waliunda chama chao cha ushirika, kwa kuwa mmoja mmoja hawakuwa na nguvu ya kununua mali kwa bei ya jumla. Kijana Paul Bomani alikuwa katibu wao. Baadaye aliwaongoza wakulima wa pamba, ambao walikuwa wamechoka kupunjwa katika mizani ya wanunuzi. Mwaka 1955 vyama vyao vikaungana, ikazaliwa VFCU.

Basi ndugu, tukumbuke kwamba madai ya kwanza ya mkulima yalikuwa mizani ya haki. Sisi tuliodai haki kwenye pamba, tutawezaje kumpunja jirani kwenye sukari? Mwenye duka akiiba gramu 20 katika kila kilo, mfuko wa kilo 50 humpa kilo moja ya wizi. Kwa kilo hiyo moja atapoteza wateja wa kijiji kizima, maana kijijini hakuna siri.

Jambo la pili ni daftari. Mwaka 1976 ilikuja Operesheni Maduka. Maduka ya watu binafsi vijijini yaliamriwa yafungwe, nafasi yao ichukuliwe na maduka ya ushirika. Nia ilikuwa kumwokoa mnyonge asinyonywe. Lakini mahali pengi ya zamani yalifungwa kabla mapya hayajawa tayari, na wananchi wakakosa mahitaji. Haukupita muda amri ile ikalegezwa. Fundisho letu ni hili: jina zuri la ushirika peke yake halijazi rafu. Duka, liwe la mtu mmoja au la kijiji, lahitaji mtu anayejua kuandika kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Likiwa la kijiji, daftari lisomwe mbele ya wote kila mwezi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Jambo la tatu ni mkopo, na hapa ndipo wengi huanguka. Kumnyima jirani kabisa hatuwezi. Lakini tukopeshe kwa kufuata mapato yake. Mvuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikomaa hupumzika, na mfuko wake hupumzika pia. Mvua zikizidi, dagaa hawakauki, wala fedha haionekani. Mkulima wa pamba hupata fedha katikati ya mwaka. Wakati wa palizi mkono wake ni mtupu. Kwa hiyo mvuvi aahidi kulipa giza lijalo, na mkulima apewe kiasi ambacho duka laweza kukingoja mpaka mavuno. Deni liandikwe mbele yake, naye apewe karatasi yake.

Na fedha ya kununulia mali nyingine isiguswe. Harusi, msiba na mgeni vyote vina haki yake, lakini vitolewe katika faida, visitolewe katika mtaji. Mwenye duka naye akichukua sabuni ya nyumbani kwake, ailipie kama mteja mwingine.

Ndugu zetu, uhuru wa mtu wa kisiwani ni pamoja na kupata chumvi kwa bei ya haki karibu na mlango wake. Hilo halihitaji kungoja msaada wa mtu wa mbali. Twende tukapime kwa haki, tukaandike, tukaungane katika kununua. Umoja ni nguvu.