MAZUNGUMZO JUU YA KUHIFADHI MMEA ADIMU KWA NJIA YA RAMANI



Katika visiwa vya Shelisheli, vilivyomo katika Bahari hii hii ya Hindi, umo mmea mtambaao ambao wataalamu huuita Nepenthes pervillei, na wenyeji huufananisha na mtungi wa maji. Ncha ya jani lake hurefuka ikawa mfano wa kikombe chenye maji ndani. Mdudu akiteleza humo hufa, na mmea hujipatia chakula ambacho ardhi yake ya mawe haina.

Mmea huu hauoti kwa asili pahali pengine duniani ila katika visiwa viwili, Mahé na Silhouette, juu ya miamba ya milimani yenye ukungu na mvua. Hatari zinazoukabili ni miti ya kigeni, kama mdalasini ulioletwa Mahé katika karne ya 18 kwa ajili ya biashara na ambao sasa umetanda misituni. Aidha, joto likizidi, mimea ya chini huweza kupanda juu. Ulioko kileleni hauna pa kupanda.

Ndipo inapohitajika ramani. Kwanza huandikwa kila mahali mmea ulipoonekana, pamoja na urefu kutoka usawa wa bahari, mvua, mteremko na aina ya mwamba. Kisha kompyuta hutafuta sehemu nyingine zenye hali kama hiyo. Lakini ramani ni dalili tu, si ushahidi. Ni wajibu watu wapande mlimani wakahakikishe, na waulizwe wazee wanaozijua njia. Tena mmea huu una dume na jike mbalimbali. Palipo na majike matupu hapapatikani mbegu, hata ramani ikisema pamesitawi.

Jambo la mwisho ni amana. Jamii yote ya Nepenthes imo katika orodha za mkataba wa kimataifa wa mwaka 1973 unaodhibiti biashara ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka. Kwa hiyo vituo kamili visitangazwe, wasije wezi wakaongozwa navyo. Lakini mtumishi anayetoa kibali cha barabara au mnara hana budi kuwa na ramani hiyo mezani kabla ya kutia saini. Mstari ungali kwenye karatasi husogezwa. Mwamba ukishavunjwa haurejei.