Hesabu Mchana, Masomo Usiku

Mwanafunzi wa biashara anayesoma jioni jijini Dar es Salaam huku mchana akiwa karani wa hesabu huishi kwa kalenda mbili zinazogongana: mwajiri hutaka vitabu vifungwe kila mwisho wa mwezi na ritani ya kodi ya ongezeko la thamani (VAT) iwahi tarehe 20, ilhali mitihani ya bodi ya wahasibu, NBAA, huja Mei na Novemba bila kungoja kazi zipungue. Kinachoumia kwanza ni usingizi, na kwa kuwa ubongo usiolala vya kutosha hushindwa kuhifadhi kilichosomwa, kukesha, ambako wengi hukuona kuwa ushujaa, mara nyingi ni hasara tupu. Kinachoweza kufuata ni uchovu wa kazini: mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu huo, yaani hali itokanayo na msongo wa muda mrefu usiodhibitiwa, kuwa ni kuishiwa nguvu, kuichukia kazi na kupungukiwa ufanisi, lakini halikuuita ugonjwa. Sonona ni jambo jingine: ni huzuni au kukosa hamu ya mambo kunakodumu wiki mbili au zaidi, nayo hutibika. Aliyefikia hapo, hasa anayewaza kujidhuru, aende kituo cha afya leo, asingoje mtihani upite.